Dalali wa Majina: Historia ya Alama za Biashara katika Mnada wa Maneno

Mtu anapoandika jina la kampuni katika Google, mara nyingi mstari wa kwanza unaojitokeza si wa kampuni aliyoitafuta. Ni wa mshindani wake, nao umewekewa kijineno kidogo kinachomjulisha msomaji kwamba hilo ni tangazo. Kati ya kubonyeza kitufe na kupata jibu, katika muda usiofikia sekunde moja, umefanyika mnada. Kilichouzwa ni nafasi ya kusimama mbele ya macho ya anayetafuta, na kilichowakusanya wanunuzi mnadani ni jina la mtu ambaye hakuulizwa.

Je, mnada huo ni halali? Swali hili limefikishwa mbele ya majaji wa mabara matano kwa zaidi ya miaka 20. Wengi hulichukulia kuwa jambo la mawakili na mafundi wa kompyuta. Mimi nalitazama kama sura ya historia ya uchumi: namna kitu ambacho hakikuwahi kuwa bidhaa kinavyogeuzwa bidhaa, na namna sheria inavyofika ikihema baada ya soko kukwisha kufunguliwa. Hoja yangu ni kwamba mahakama zilijiuliza kama msomaji amedanganywa, na zikajitahidi kujibu. Lakini swali la nani anayetoza ushuru kwa ajili ya jina, na kwa idhini ya nani, liliachwa mikononi mwa dalali mwenyewe.

Alama ni ahadi, si umiliki wa neno

Alama ya biashara haikuzaliwa ili kumpa mtu umiliki wa neno. Ilizaliwa ili mnunuzi ajue bidhaa imetoka kwa nani. Watu wa pwani yetu wanalifahamu jambo hili bila kusomeshwa. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimebeba kwa vizazi kadhaa maandishi ya “Mali ya Abdulla”, na mama anayeichagua kanga hiyo dukani hahitaji kumjua aliyeichapa wala kuuliza ilisafiri kwa meli gani. Maneno yale pembeni mwa kitambaa ni ahadi ya ubora aliouzoea.

Kwa hiyo sheria ya alama za biashara hulinda watu wawili kwa pamoja: mnunuzi asidanganywe kuhusu asili ya bidhaa, na mfanyabiashara asiporwe sifa aliyoijenga. Hata hivyo, sheria hiyo haijawahi kusema kwamba hakuna mwingine awezaye kulitamka jina. Gazeti linaweza kuikosoa kampuni kwa jina lake. Fundi anaweza kutangaza kwamba anatengeneza magari ya aina fulani. Muuzaji anaweza kupanga meza yake mkabala na duka maarufu, akitumaini kwamba wateja wa jirani watamtupia jicho. Mipaka hii ni sehemu ya sheria yenyewe, kwa sababu bila hiyo alama hugeuka ukuta wa kuzuia ushindani na mazungumzo ya hadharani.

Mnada unazaliwa California

Mwaka 1998 mjasiriamali Bill Gross alizindua mtambo wa kutafuta uitwao GoTo.com. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: aliyetoa dau kubwa zaidi kwa neno fulani ndiye aliyejitokeza juu ya orodha, naye alilipa pale tu msomaji alipobofya. Wengi walilidharau wazo hilo, wakiona kwamba majibu ya utafutaji yanapaswa kupangwa kwa ubora na si kwa fedha.

Mwaka huohuo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walichapisha makala ya kitaaluma kuhusu mtambo wao mpya. Katika makala hiyo walionya kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utaelekea, kwa asili yake, kuwapendelea wenye matangazo kuliko wanaotafuta. Historia ina mizaha yake. Oktoba 2000 Google, kampuni yao, ilianza kuuza matangazo yaliyofungamanishwa na maneno ya utafutaji, na mwaka 2002 ikaingiza mnada wa malipo kwa kila mbofyo. Iliongeza kipimo chake: nafasi ya tangazo haikutegemea dau peke yake, bali pia uwezekano wa tangazo hilo kubofywa.

Mwaka 2004 unastahili kukumbukwa. GoTo.com, iliyokwisha kubadili jina na kuitwa Overture kisha kununuliwa na Yahoo, ilikuwa imeishtaki Google tangu 2002 ikidai kwamba mbinu ya mnada ililindwa kwa hataza yake. Agosti 2004 Google iliimaliza kesi hiyo kwa kuipa Yahoo hisa milioni 2.7. Miezi michache kabla, mwezi Aprili, Google ilikuwa imetangaza kwamba katika Marekani na Kanada haitamzuia tena mtu kuchagua alama ya biashara ya mwingine kama neno la kutolea dau. Na katika hati iliyowasilisha mwezi huohuo ili kuuza hisa zake kwa umma, iliwatahadharisha wawekezaji kwamba badiliko hilo huenda likaiongezea kesi za ukiukaji wa alama.

Tuyaweke mambo haya bega kwa bega. Haki ya kubuni mnada ililipiwa kwa mamilioni ya hisa. Majina yaliyoingizwa ndani ya mnada hayakulipiwa chochote, na hatari ya kushtakiwa iliandikwa mapema katika vitabu kama gharama ya kuendesha biashara.

Marekani: kesi nyingi, hukumu chache

Mahakama za Marekani zililikuta tatizo hili zikiwa na mfano wa barabarani. Mwaka 1999, katika kesi ya Brookfield, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilimfananisha anayetumia jina la mwingine ndani ya msimbo wa tovuti yake na mfanyabiashara anayesimika kibao cha uongo kando ya barabara kuu. Dereva anayeutafuta duka la kwanza anaambiwa atoke njia isiyo yake, analikuta duka la pili, na kwa kuwa amekwisha kufika, ananunua hapohapo. Hakukanganyikiwa alipokuwa akilipa, lakini alivutwa kwa hila. Fundisho hilo likaitwa mkanganyiko wa mvuto wa awali.

Fundisho hilo ndilo lililotumika Januari 2004 katika kesi ya Playboy dhidi ya Netscape na Excite. Kampuni hizo mbili zilikuwa zikiuza matangazo yaliyofungwa kwenye orodha ya maneno zaidi ya 400, yakiwemo “playboy” na “playmate”, na mengi ya matangazo hayo hayakuonyesha ni ya nani. Mahakama ya chini iliitupa kesi, ya rufaa ikaifufua. Lakini Jaji Marsha Berzon, ingawa aliafiki matokeo, aliandika maoni yake ya pembeni. Mtu akiingia duka kubwa la nguo akitafuta chapa fulani, kisha njiani akakuta chapa nyingine imepangwa vizuri na kuandikwa jina lake waziwazi, akaamua kununua hiyo, nani amedanganywa? Kwa maoni yake, kubadili nia si kukanganyikiwa. Swali hilo la pembeni lilikuja kuwa njia kuu.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya bima ya GEICO, Jaji Leonie Brinkema wa Virginia alichora mstari. Kampuni haikuthibitisha kwamba kulitumia jina lake kama neno la mnadani peke yake kuliwakanganya wasomaji. Matangazo yaliyoliandika jina hilo katika maneno yake yalikuwa shauri jingine. Mwaka uliofuata wahusika wakapatana nje ya mahakama.

Ubishi mwingine ulihusu neno “kutumia”. Google ilidai kwamba kuuza neno ndani ya kompyuta, mahali ambapo mnunuzi halioni, si kulitumia katika biashara. Aprili 2009, katika kesi ya Rescuecom, kampuni ya kutengeneza kompyuta, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili ilikataa hoja hiyo: kuonyesha, kupendekeza na kuuza alama ya mtu ni kuitumia. Ulikuwa ushindi mkubwa katika vitabu vya sheria. Mwaka uliofuata Rescuecom iliiondoa kesi yake.

Hapo ndipo mwanahistoria anapopaswa kusimama na kuhesabu. GEICO ilipatana mwaka 2005. American Airlines iliyoshtaki mwaka 2007 ilipatana mwaka 2008. Rescuecom ilijitoa mwaka 2010. Rosetta Stone, wauzaji wa programu za kujifunza lugha, walifanikiwa mwaka 2012 kuifufua kesi yao kwenye rufaa, na kabla mwaka haujaisha wakapatana. Kesi hizi mashuhuri dhidi ya dalali zilisimama njiani kabla ya neno la mwisho kutamkwa. Kesi zilizoendelea zilikuwa za wafanyabiashara wao kwa wao, na humo majaji walizidi kulegeza. Mwaka 2011, katika kesi ya Network Automation, Mzunguko wa Tisa uleule uliosimika mfano wa kibao cha barabarani ulikiri kwamba watumiaji wa intaneti wamezoea kutofautisha jibu na tangazo, na kwamba namna tangazo linavyoandikwa na kupangwa ni jambo la kupimwa.

Ulaya: kutoka Paris hadi Luxembourg

Ulaya ilianza kwa ukali zaidi. Louis Vuitton, watengenezaji wa mikoba, waliishtaki Google mjini Paris mwaka 2003. Malalamiko yao hayakuwa ya ushindani wa kawaida tu: mfumo uliruhusu jina lao kuunganishwa na maneno kama “nakala” na “bandia”, na waliotoa dau walikuwa wakiuza bidhaa za kughushi. Mahakama ya Paris iliitia Google hatiani mwaka 2005, na rufaa ya mwaka 2006 ikathibitisha. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya Ufaransa iliomba tafsiri kutoka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg.

Hukumu ilitolewa tarehe 23 Machi 2010, nayo iligawanya wajibu kwa namna iliyodumu. Anayetumia alama ni mwenye tangazo, si mtambo wa kutafuta, kwa kuwa mtambo huwawezesha tu wateja wake kuitumia. Mwenye tangazo hukosea pale msomaji mwenye taarifa na umakini wa kawaida anaposhindwa kujua, au anapojua kwa taabu, kama bidhaa inatoka kwa mwenye alama au kwa mwingine. Dalali naye anaweza kukingwa kama mhifadhi wa taarifa za wengine, mradi tu kazi yake ni ya kiufundi na hana ujuzi wala usimamizi wa kilichomo. Kupima hilo kuliachiwa mahakama za nchi. Septemba mwaka huohuo Google iliifungua milango ya mnada wa alama kwa sehemu kubwa ya Ulaya. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kuifungua katika nchi nyingine nyingi, hata ikajumuisha nchi zaidi ya 190.

Kipimo cha msomaji wa kawaida kinasikika kuwa chepesi, lakini maua yalikionyesha ugumu wake. Interflora ni mtandao wa wauza maua wengi wadogo wanaouza chini ya jina moja. Marks & Spencer, duka kubwa la Uingereza lisilo mwanachama wa mtandao huo, lilitoa dau kwa neno “interflora”. Tangazo lenyewe liliandikwa wazi kuwa ni la Marks & Spencer, na lingeweza kudhaniwa kuwa halina kosa. Lakini pale jina linapowakilisha mtandao, msomaji atajuaje kama duka hilo limejiunga au halikujiunga? Mwaka 2011 Luxembourg ilisema hali hiyo izingatiwe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya London iliona kosa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo na kuirudisha kesi isikilizwe upya. Kwa shilingi za wauza maua wadogo kumi, ni nani angeimudu safari kama hiyo?

Kusini na Mashariki

Kwingineko majibu yalitofautiana. Februari 2013 Mahakama Kuu ya Australia ilisema kwa kauli moja kwamba Google haikupotosha umma kwa kuonyesha matangazo ya wengine. Ilipitisha tu ujumbe wao. Barani kwetu, mwaka 2016, Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini iliamua kesi ya Cochrane Steel, watengenezaji wa uzio uitwao ClearVu, dhidi ya mshindani aliyetoa dau kwa jina hilo. Alama ilikuwa haijasajiliwa, na tangazo halikulitaja jina. Mahakama ilikataa kuipanua sheria ili kuzuia tu kuegemea umaarufu wa mwingine pasipo udanganyifu.

India ilichukua mwelekeo mwingine. Agosti 2023 Mahakama Kuu ya Delhi, katika kesi iliyohusu kampuni ya usafirishaji wa mizigo ya nyumbani, ilisema kwamba Google si mtazamaji. Inashiriki kikamilifu katika kuuza maneno, kwa hiyo nayo inatumia alama. Matumizi hayo si kosa kwa yenyewe pasipo mkanganyiko, lakini pale kosa linapothibitika, dalali hawezi kujificha nyuma ya kinga ya wapitisha taarifa.

Swali lililobaki mezani

Nikiyatazama yote haya, naona kwamba kipimo cha mkanganyiko ni cha haki kwa kazi yake. Mshindani mwaminifu anayejitaja kwa jina lake hastahili kufungiwa mlango. Tena tusiwahurumie wenye alama kupita kiasi. Nchini Marekani kampuni ya 1-800 Contacts, muuzaji wa lenzi za macho, ilizitumia kesi za alama kupata makubaliano ya washindani wake kadhaa kutotoa dau kwa jina lake. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilisema mwaka 2018 kwamba makubaliano hayo yaliumiza walaji. Mahakama ya rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2021. Mwenye jina, akiachiwa, hugeuza jina lake ngome.

Lakini kipimo cha mkanganyiko hakioni kitu kimoja. Hata pale ambapo hakuna anayedanganywa, mwenye jina hulazimika kuingia mnadani kutoa dau kwa jina lake mwenyewe, asije mwingine akasimama mlangoni pake. Huo ni ushuru, ingawa hakuna bunge lililoupitisha. Wateja waliliandika jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya miaka mingi, na sasa anawanunua tena, mmoja mmoja, kwa kila mbofyo. Sheria ya alama haikutungwa kushughulikia ushuru. Hilo ni shauri la sheria ya ushindani na la wanaosimamia masoko.

Linatuhusu vipi sisi? Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya Tanzania ni ya mwaka 1986, kabla wavuti haujabuniwa. Ya Kenya ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1938. Majaji wetu wataweza kuzitafsiri, kama wenzao walivyofanya. Ila upo ugumu ambao tafsiri haiuondoi. Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, iliyosajili alama yake BRELA. Mteja wake yuko Munich, analiandika jina lake huko, na mnada unafanyika kwa ajili ya msomaji wa Ujerumani. Haki za alama hufuata mipaka ya nchi. Usajili wa Dar es Salaam haumpi ulinzi wa alama Ujerumani. Jina linanadiwa mahali ambapo mwenyewe hana kiti.

Na si wafanyabiashara peke yao. Uingereza ililazimika kupambana na tovuti zilizolipia matangazo juu ya majina ya huduma za serikali, zikawatoza wananchi ada kwa kujaza fomu zilizokuwa bure au za bei nafuu katika tovuti halisi. Mtumishi wa umma anayesoma hapa ajiulize: mwananchi akiandika leo jina la idara yako, nani anasimama mstari wa kwanza? Kazi hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji mtu wa kutazama, kuweka kumbukumbu, na kulalamika kwa maandishi.

Kwa watunga sera, historia hii inadokeza mambo matatu ya kudai: tangazo lijitambulishe wazi, kwa jina la aliyelilipia; dalali awajibike anapojulishwa udanganyifu na kukaa kimya; na mamlaka za ushindani za ukanda wetu zichunguze kwa pamoja gharama ambayo wafanyabiashara wetu wanalipa kwa majina yao wenyewe. La tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa hesabu hizo zimo katika vitabu vya dalali.